Marangu, Machame au Lemosho? Chagua njia inayokupa muda wa kukojoa

Pete yangu ya ndoa ilikwama kidoleni nikiwa Horombo, kambi ya njia ya Marangu, jioni ya siku ya pili ya kupanda Kilimanjaro. Asubuhi ilikuwa inazunguka bila shida. Kufika jioni kidole kimejaa, pete imezama. Mwongozaji akaleta kipande cha sabuni na maji ya uvuguvugu, tukahangaika nayo kama robo saa mpaka ikatoka na ngozi kidogo. Kulipokucha macho nayo yamevimba, uso kama andazi. Shemeji yangu, tuliyepanda naye basi moja pale Nyegezi, alikuwa mzima. Kilio chake kilikuwa kimoja tu: usiku ule alitoka mara nne kwenda kukojoa kwenye baridi ile, na kila akirudi anasonya. Mimi sikutoka hata mara moja. Nikajihesabu mwenye bahati.

Siku mbili baadaye shemeji alipiga picha kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895. Mimi nilitapika juu kidogo ya Kibo, kambi ya mwisho, nikageuzwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba habari ya usiku wa kileleni ilishajulikana Horombo, na ilijulikana chooni.

Sasa tuko watu tisa wa hapa Mwanza, tunapanga kupanda Septemba, na mabishano kwenye kundi letu la WhatsApp hayaishi. Wapo wa Marangu siku 5 kwa sababu ni nafuu. Wapo wa Machame siku 7 kwa sababu kila aliyepanda anaitaja. Na yupo mmoja, ana hela zake, anayetaka Lemosho siku 8, ambayo ukitajiwa bei unakohoa kwanza. Njia hizi kwa kawaida hulinganishwa kwa mandhari, msongamano na gharama. Mimi nazilinganisha kwa lile lililonishinda: ni ipi inayozipa figo zako muda wa kumwaga chumvi na maji kabla ya usiku wa kileleni.

Anayetaka kuelewa kwa nini, aende Mwaloni Kirumba awatazame wanaotengeneza kayabo. Sangara anapasuliwa, anapakwa chumvi ya kutosha, anapangwa rundo. Hakuna anayemkamua, lakini baada ya muda maji yanachuruzika yenyewe chini ya rundo. Chumvi ilipo, maji huifuata. Mwilini ni hivyo hivyo. Figo ikishikilia chumvi, maji yanabaki nayo. Ikiiachia, yanatoka nayo. Na figo haijiamulii, inaamriwa na homoni.

Wanaoamuru kushika ni wawili. Wa kwanza ni mnyororo mzima: figo hutoa renini, renini huzaa anjiotensini, anjiotensini huziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo humwaga aldosteroni. Aldosteroni ikifika, figo inairudisha sodiamu kwenye damu na kuitoa potasiamu. Wa pili ni vasopresini, ambayo hutengenezwa ndani ya ubongo na kuachiwa kupitia tezi ya pituitari. Huyu anashughulika na maji zaidi kuliko chumvi: akipanda, mkojo unakuwa mchache na rangi yake inakolea.

Anayeamuru kuachia ni moyo wenyewe, jambo ambalo hata madaktari walichelewa kulijua. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada walichukua dondoo ya vyumba vya juu vya moyo wa panya wakaidunga kwa panya wengine. Dakika chache tu, panya wale wakaanza kumwaga mkojo wenye chumvi nyingi. Kumbe moyo, pamoja na kusukuma damu, ni tezi. Vyumba vyake vikivutwa na damu nyingi, vinatoa homoni ya kuiambia figo: punguza.

Twende mlimani sasa. Oksijeni kule juu bado ni asilimia 21 kama hapa Pasiansi. Kilichopungua ni mkandamizo wa hewa, ambao Uhuru unabaki karibu nusu ya ule wa pwani. Vijinyama viwili shingoni, kando ya mishipa ipelekayo damu kichwani, vinanusa upungufu huo na kukufanya upumue kwa kasi. (Corneille Heymans wa Ubelgiji alipata Tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kuonyesha namna upumuaji unavyoongozwa kutoka huko shingoni.) Ukipumua kwa kasi unapoteza kabonidayoksaidi, damu inakosa uchachu wake wa kawaida, na figo inaanza kutoa bikaboneti ili kusawazisha. Bikaboneti haitoki peke yake. Inatoka na sodiamu, na sodiamu inatoka na maji.

Wakati huohuo mishipa ya mapafu inabana, upande wa kulia wa moyo unalemewa, na homoni ile ya moyo inapanda. Aldosteroni, kwa mtu aliyepumzika, inashuka. Vasopresini kwa aliye mzima haipandi, hata kama damu yake imekuwa nzito kidogo. Yaani wanaoshika wamelegeza mkono na anayeachia amekaza. Matokeo yake ndiyo yale ya shemeji: kutoka nje mara nne.

Na kukojoa kule ndiko kuzoea kwenyewe. Katika siku za mwanzo, maji ya damu hupungua kwa asilimia 10 mpaka 20, damu inakuwa nzito, na kila kiasi chake kinabeba chembe nyekundu nyingi zaidi. Wengi husema mwili unatengeneza damu mpya mlimani. Ni kweli kwamba homoni ya kuagiza chembe mpya hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe zenyewe kuwa nyingi ni kazi ya wiki kadhaa. Wewe una siku 5 au 8. Mlima wako utaupanda kwa damu ileile uliyotoka nayo nyumbani, ila imepunguzwa maji.

Kinachoharibu hesabu hii ni miguu. Nilisema aldosteroni inashuka kwa aliyepumzika. Mtu anayetembea saa sita mfululizo akipandisha, renini na aldosteroni zinapanda, na chumvi inashikwa. Watafiti waliowapima watu wakitembea milimani siku nzima, siku kadhaa mfululizo, waliona sodiamu ikibaki mwilini na miguu na nyuso zikivimba. Kisha mtu akianza kichefuchefu, vasopresini nayo inapanda, maji yanashikwa, hali inazidi, kichefuchefu kinaongezeka. Ndiyo duara niliyoingia mimi. Usingizi wangu mtamu wa Horombo haukuwa bahati. Mwili ulikuwa umefunga bomba.

Sisemi kila asiyekojoa ataugua, wala kila anayekojoa atafika. Miili inatofautiana, na kuna mwenye afya kama fahali anayezidiwa akifika tu mita 3,500. Lakini ukiniuliza nipime njia kwa kipimo kimoja tu, nitahesabu usiku unaolala kati ya mita 3,500 na takriban 4,000 kabla ya kambi ya mwisho. Huko ndiko urefu unatosha kuifungua figo, na bado hautoshi kumwangusha mtu wa kawaida. Nauita usiku wa kukojoa.

Marangu siku 5 ina usiku mmoja. Unalala Mandara, karibu mita 2,700. Kesho Horombo, karibu 3,700. Keshokutwa Kibo, karibu 4,700. Saa sita usiku huohuo unaamshwa kwenda juu. Ni mita elfu moja kila siku, kama ngazi ya fundi mwenye haraka. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku 3 au 4 upumzike siku moja. Marangu siku 5 inaivunja kanuni hiyo mara mbili mfululizo, na bado siku ya Kibo unakuwa umetembea kutwa, aldosteroni iko juu, unajilaza saa chache na kuamka. Figo inapata wapi nafasi? Sifa zake nazitambua. Ni njia pekee yenye vibanda vya mbao vya kulala, na mvua ikinyesha utawaonea huruma wa kwenye mahema. Ni nafuu. Mteremko wake ni wa taratibu kwa magoti, na watu huuona ule upole wakadhani ni upole wa mlima wote. Mimi nilidhani hivyo.

Marangu siku 6 ina usiku wa kukojoa miwili, kwa sababu unalala Horombo mara mbili. Siku ya katikati unatembea kuelekea Mawenzi, unapanda juu kidogo, unarudi kulala palepale. Siku hiyo moja inabadilisha safari nzima kuliko watu wanavyodhani. Wenzangu wa bajeti ndogo nawaambia hivi: kama Marangu, basi siku 6. Tofauti ya bei ni ya siku moja ya kiingilio, chakula na posho ya wapagazi. Tofauti ya mwili ni mara mbili.

Machame inauzwa kwa siku 6 au 7, na hapo ndipo watu wengi wanapigwa chenga bila kujua. Ukisikia "Machame" usishangilie, uliza siku. Usiku wa kwanza ni kambi ya Machame, kati ya mita 2,800 na 3,000. Wa pili Shira, karibu 3,800. Siku ya tatu ndiyo uhondo wa njia hii: unapanda mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana kichwa kikigonga, kisha unashuka kulala Barranco, karibu 3,950. Mwili umeonjeshwa urefu wa kambi ya mwisho, halafu ukapewa mapumziko chini. Anayekwenda siku 7 analala tena Karanga, karibu 4,000, baada ya mwendo mfupi wa saa nne hivi, na kesho yake mwendo mfupi mwingine mpaka Barafu, karibu 4,650. Mwendo mfupi maana yake alasiri ndefu ya kukaa. Kukaa maana yake aldosteroni inashuka. Hapo una usiku wa kukojoa mitatu. Anayekwenda siku 6 anairuka Karanga, anatoka Barranco moja kwa moja mpaka Barafu kwa siku moja, na usiku huohuo anaondoka. Huyo ana miwili tu, sawa na wa Marangu siku 6, na amelala kwenye hema.

Lemosho siku 8 ina minne: Shira ya kwanza, karibu mita 3,500, Shira ya pili, karibu 3,850, kisha inaungana na Machame kupitia Lava Tower, Barranco na Karanga. Siku za uwanda wa Shira ni tambarare kiasi, watu wachache, miguu haichoki sana. Kwa kipimo changu hakuna inayoishinda kati ya hizi. Kasoro yake ni mfuko, na likizo. Mtu wa ofisi hapa mjini akijumlisha siku 8, basi la kwenda na la kurudi kupitia Shinyanga na Singida, na siku ya kujinyoosha, wiki mbili zinaelekea kuisha.

Rongai na Umbwe sizigusi sana. Rongai inaanzia kaskazini, kukavu, na ni nzuri miezi ya mvua. Umbwe ni mwinuko mkali, na mwenye hadithi ya pete kama yangu hana biashara nayo.

Lipo chaguo ambalo kwenye kundi letu halijapata kura hata moja, nami nadhani wanakosea: kuanza na Meru. Siku 3 au 4, vibanda vipo, unalala Miriakamba karibu mita 2,500 na Saddle karibu 3,570, kilele mita 4,566. Ukishuka ukaingia Marangu siku 6 ndani ya siku mbili tatu, unaingia ukiwa umeshakojoa. Ukirudi kwanza Mwanza kuangalia duka, faida inayeyuka.

Mwenzetu mmoja anasema sisi wa Mwanza hatuna haja ya yote haya kwa sababu tumezoea urefu. Kuna chembe ya ukweli. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini, pamoja na mlima wote ule kichwani pake, iko chini ya mita 1,000. Yaani tunashuka kwenda kupanda Kilimanjaro. Lakini urefu wa Mwanza unapunguza mkandamizo wa hewa kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 tu ukilinganisha na Dar es Salaam, na figo haishtuki kwa hilo. Kupanda ngazi za Capri Point kutakupa mapaja, hakutakupa usiku wa kukojoa.

Sasa maji, maana hapa ndipo ushauri wa bure ni mwingi. Utaambiwa kunywa lita 5 kwa siku, kunywa hata kama huna kiu, kunywa mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya bomba. Kwa ambaye vasopresini yake imeshapanda kwa kichefuchefu, ushauri huo ni hatari. Maji yanaingia na hayatoki, sodiamu ya damu inashuka, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, zilezile za ugonjwa wa mwinuko, kiasi kwamba mwongozaji anaweza kumwongezea maji mtu aliyeumizwa na maji. Kunywa kwa kiu, na juu ya kiu ongeza kidogo kwa sababu hewa kavu na kuhema vinakausha. Wengi wanatosheka na lita 3 hivi, chai na supu zikiwemo. Mkojo wa njano hafifu unatosha. ORS beba pakiti mbili tatu kwa ajili ya kuharisha, siyo ya kunywa kama juisi: kila lita moja iliyochanganywa kwa kipimo cha WHO ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, na mwili unaojaribu kuachia chumvi haukuombi uongeze. Ni hivyohivyo kwa dagaa wa chumvi. Nawapenda, ila siku zile watabaki nyumbani.

Vidonge pia vimeletwa kwenye mjadala, kama mbadala wa siku. Asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inailazimisha figo kutoa bikaboneti mapema, yaani inafanya kwa kidonge kazi ambayo mwili ungeifanya kwa usiku miwili. Kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa zaidi, ncha za vidole zitachonyota, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Inasaidia kweli. Lakini nikilinganisha Marangu siku 5 na kidonge dhidi ya Machame siku 7 bila kidonge, nachukua Machame. Kidonge kinagusa sehemu moja ya mnyororo. Siku zinaugusa wote, pamoja na miguu. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Anayetumia vidonge vya presha pia, kwa sababu baadhi yake vinafanya kazi kwenye anjiotensini ileile au ni vya kukojoza, na kuvichanganya kienyeji siyo ushujaa.

Na kwa kanda yetu ya ziwa kuna swali ambalo wengi hawalifikirii kabisa: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande, nukta. Lakini hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa maishani, anaweza kupata shida ya bandama kwenye urefu kama huo. Tisa sisi, waliokuwa wanajua hali yao ni wawili. Kipimo ni cha damu, ni cha mara moja maishani. Nimeweka sharti: asiyepima hapandi na mimi, njia yoyote.

Kwa hiyo nimepigaje kura? Anayepanda mara ya kwanza, ana likizo na hela: Lemosho siku 8. Mwenye hela ya wastani: Machame siku 7, na kwenye risiti iandikwe Karanga kwa jina. Mwenye bajeti ya kubana au anayechukia hema: Marangu siku 6. Marangu siku 5 simpendekezei mtu, isipokuwa ametoka kushuka Meru juzi. Na njia yoyote utakayochukua, usiku wa kwanza wa juu uliza chumba kizima nani katoka nje na nani hajatoka. Ambaye hajakojoa tangu mchana, uso umevimba na kichwa kinamgonga, kesho asipande. Akianza kuyumba au kukohoa akiwa amekaa, ashushwe palepale, hata kama ni usiku.

Kundi limeangukia Machame siku 7, kura sita kwa tatu. Shemeji anakuja tena, na ameshatuonya kwamba atalala karibu na mlango wa hema. Mimi pete naiacha Pasiansi, kwenye kikombe cha juu kabatini.